SIKIO LA VITA
Habari za chombo cha jeshi cha kupokelea mawimbi mafupi

1. Mzinga wa Liuli

Mtu akiteremka kutoka Mkumbi na milima ya Umatengo, akifuata upande wa machweo, mwisho wa safari yake atafika Ziwa Nyasa. Huko pwani upo mji wa Liuli. Wadachi, ndio Wajerumani, walipotawala nchi hii waliuita Sphinxhafen, kwa sababu ya miamba iliyo karibu na bandari. Ukiitazama kwa mbali, yafanana na ile sanamu kubwa ya Misri iitwayo Sphinx, yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu.

Mwaka 1914 zilikuwapo ziwani meli mbili zilizojulikana sana. Meli ya Wadachi iliitwa Hermann von Wissmann, na nahodha wake alikuwa Bwana Berndt. Meli ya Waingereza iliitwa Gwendolen, na nahodha wake alikuwa Bwana Rhoades. Manahodha hawa wawili walikuwa marafiki. Kila walipokutana walikaa pamoja, wakazungumza kwa furaha, kama ilivyo desturi ya watu wa kazi moja.

Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza iliingia vitani na Ujerumani. Habari hiyo ilimfikia Rhoades, pamoja na amri ya kuiteka au kuiharibu meli ya Wadachi. Lakini Berndt hakuwa na habari yoyote. Tarehe 13 Agosti, yaani siku tisa baada ya vita kutangazwa, meli yake ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo Liuli ili itengenezwe. Mara Gwendolen ikatokea, ikapiga mzinga. Berndt alishikwa na ghadhabu. Akaingia katika mashua ndogo, akaenda mpaka kwa rafiki yake, akamwuliza kwa sauti kuu kama amelewa. Ndipo alipoambiwa ya kuwa nchi zao zinapigana, na ya kuwa yeye sasa ni mateka.

Watu hucheka wasimuliwapo habari hii, nasi tunaweza kucheka kidogo. Lakini baada ya kucheka yafaa tuitafakari. Berndt hakushindwa kwa sababu ya woga, wala kwa sababu hakuijua kazi yake. Alishindwa kwa sababu mwenziwe alikuwa amesikia, naye hakusikia. Katika vita, aliye kiziwi amekwisha kupigwa nusu. Kwa hiyo majeshi ya dunia yalifanya bidii kubwa ya kujipatia masikio. Katika somo hili tutaeleza habari za sikio moja kama hilo, yaani kipokezi cha mawimbi mafupi, jinsi kilivyopatikana, jinsi kilivyofanya kazi, na jinsi kilivyotumika hata katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki.

2. Simu ya upepo

Hapo kale habari za mbali zilichukuliwa na tarishi kwa miguu. Baadaye ikaja simu ya waya. Waya ni chombo kizuri, lakini una udhaifu wake. Adui aweza kuukata, wanyama waweza kuuangusha, wala hauwezi kuifuata meli iliyo katikati ya maji. Basi wataalamu wakatafuta njia ya kupeleka habari pasipo waya. Wazee wetu waliiita njia hiyo simu ya upepo, ingawa kwa kweli upepo haukuwa na kazi hapo.

Kichukuacho habari ni mawimbi ya umeme. Ukitupa jiwe katika bwawa lililotulia, utaona duara za maji zikienea mpaka ukingoni. Vivyo hivyo, umeme ukitikiswa upesi sana katika waya ulioinuliwa juu, mawimbi huenea pande zote, tena kwa mwendo wa kilometa 300,000 katika nukta moja ya saa. Hayaonekani kwa macho wala hayasikiki kwa masikio. Lakini yakigusa waya mwingine ulio mbali, huutikisa umeme kidogo ndani yake. Kazi ya kipokezi ni kuudaka mtikisiko huo mdogo na kuugeuza kuwa sauti.

Tarehe 12 Desemba 1901, Guglielmo Marconi, mtu wa Italia, alikuwa ng'ambo ya bahari kubwa ya Atlantiki, katika nchi ya Newfoundland. Alitega sikio lake akasikia nukta tatu, yaani herufi S ya alfabeti ya Morse, zilizotumwa kutoka Uingereza. Tangu siku hiyo dola zote zilitaka kuwa na simu ya upepo.

Wadachi nao walijenga mlingoti mrefu Dar es Salaam. Vita vilipoanza, ndio uliokuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kushambuliwa. Tarehe 8 Agosti 1914, siku tano kabla ya ule mzinga wa Liuli, manowari ya Waingereza iitwayo Astraea ilikuja mbele ya mji ikapiga mizinga, na shabaha yake kubwa ilikuwa kituo cha simu ya upepo. Waingereza walijua ya kuwa kuziba masikio ya adui ni sawa na kumnyang'anya bunduki.

3. Neno lililofika na neno lililochelewa

Katika vita vile vile yalitokea mambo mawili yanayotufundisha thamani ya neno lifikalo kwa wakati.

La kwanza ni habari ya chombo cha angani kilichoitwa L 59. Kilikuwa mfano wa mfuko mrefu mno uliojaa hewa nyepesi, na chini yake kulikuwa na mitambo na watu 22. Tarehe 21 Novemba 1917 kiliondoka Jamboli, katika nchi ya Bulgaria, kikachukua tani 15 hivi za silaha, dawa na vitu vingine. Kilikuwa kikiwapelekea askari wa Jenerali von Lettow-Vorbeck, waliokuwa wamesukumwa mpaka kusini kabisa mwa nchi yetu. Kikavuka bahari, kikapita juu ya jangwa la Misri, kikafika Sudani. Usiku wa kuamkia tarehe 23, kilipokuwa magharibi ya Khartoum, kipokezi chake kilisikia amri ya kurudi, kwa kuwa mahali palipokusudiwa kutua palikuwa panaangukia mikononi mwa Waingereza. Kikageuka. Tarehe 25 kilifika tena Jamboli, baada ya kukaa angani saa 95 pasipo kutua. Siku ile ile Lettow-Vorbeck alikuwa akiuvuka Mto Ruvuma, huo mto wetu, akaingia nchi iliyotawaliwa na Wareno.

La pili ni kinyume chake. Septemba 1918 Lettow-Vorbeck aliuvuka tena Ruvuma, akapita upande wa Songea, akaendelea mpaka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Tarehe 11 Novemba 1918 vita vilikoma Ulaya. Lakini huko karibu na Kasama hakuna aliyejua. Tarehe 12 watu waliendelea kupigana. Tarehe 13 ndipo habari ilipojulikana, baada ya Wadachi kumkamata mjumbe wa Waingereza aliyekuwa amechukua barua. Vita vilikuwa vimekwisha, na bado risasi zililia! Jeshi lile liliweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo huitwa Mbala, tarehe 25 Novemba.

Nanyi wanafunzi mkumbuke ya kuwa vita vile havikuwa vya Wazungu peke yao. Askari wengi walikuwa Waafrika, na nyuma yao walikuwapo wapagazi, maelfu kwa maelfu, waliobeba chakula na risasi. Wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi kuliko waliokufa kwa risasi. Kwa mpagazi aliyelemewa na mzigo, siku mbili za kuchelewa kwa habari ya amani hazikuwa jambo dogo. Kwake yeye huenda zikawa ni uhai au mauti.

4. Mawimbi yaliyodharauliwa

Simu ya upepo ya siku zile ilitumia mawimbi marefu. Mawimbi ya bahari hupimwa kutoka mgongo wa wimbi moja mpaka mgongo wa wimbi la pili, na mawimbi ya umeme hupimwa hivyo hivyo. Mawimbi marefu yaweza kuwa na urefu wa mita elfu kadha wa kadha. Yalihitaji milingoti mirefu, mitambo mikubwa na fedha nyingi. Mawimbi mafupi, yasiyofika mita 200, yalidhaniwa kuwa hayafai kitu kwa safari za mbali. Basi serikali ziliwaachia wapenzi wa simu ya upepo, yaani watu waliojifunza kazi hiyo kwa kujifurahisha nyumbani mwao.

Lakini lililodharauliwa na wakubwa likawa jiwe la thamani. Mwezi wa Desemba 1921 sauti za wapenzi hao kutoka Marekani zilisikika Scotland, ng'ambo ya Atlantiki, nao walikuwa wakitumia mitambo midogo tu. Watu wakastaajabu. Iliwezekanaje?

Jibu lilikuwa juu mbinguni. Kilometa mia na zaidi juu ya vichwa vyetu, hewa ni nyembamba sana, na miali ya jua huitia umeme. Tabaka hilo hurudisha chini mawimbi mafupi kama ukuta unavyorudisha mpira. Mwaka 1924 mtaalamu wa Uingereza aitwaye Edward Appleton alithibitisha kwa vipimo ya kuwa tabaka hilo lipo kweli.

Watoto wa pwani ya Nyasa wataelewa upesi. Mtoto akitupa jiwe bapa juu ya maji kwa ustadi, jiwe halizami. Hugusa maji, huruka, hugusa tena mbele, huruka tena. Mawimbi mafupi huenda kwa namna hiyo kati ya ardhi na mbingu. Tena, kama vile jiwe lisivyogusa maji mahali linaporuka, vivyo hivyo huenda mtu aliye karibu asisikie neno, na mtu aliye mbali sana akasikia wazi. Hata jua lina amri juu yake. Kwa safari za mbali, mawimbi ya mita 20 hivi hufaa zaidi mchana, na yale ya mita 40 au 80 hufaa zaidi usiku.

Majeshi yalifurahi kusikia habari hiyo. Mtambo mdogo unaoweza kuchukuliwa juu ya gari, au ndani ya ndege, sasa uliweza kusema na nchi ya mbali. Lakini ikatokea shida mpya. Ikiwa kila mtu aweza kusema, mbingu zitajaa makelele kama soko siku ya gulio. Je, utamsikiaje mtu mmoja anayenong'ona upande wa pili wa soko? Hapo ndipo kilipotakiwa kipokezi hodari.

5. Chombo kilichoitwa HRO

Mwaka 1935 kampuni ya Marekani iitwayo National, ya mji wa Malden katika jimbo la Massachusetts, ilitoa kipokezi kilichoitwa HRO. Husimuliwa ya kuwa herufi hizo zilitokana na mzaha wa mafundi, kwa kuwa walihimizwa mno kukimaliza kwa haraka. Chombo hiki hakikuzaliwa askari. Kilitengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa simu ya upepo na makampuni. Lakini Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, majeshi yalikiona kuwa kinafaa, wakakinunua kwa wingi, nacho kikawa askari kama vijana wengi wa wakati ule.

Tukitazame kwa uangalifu. Kwa nje kilikuwa sanduku la chuma lenye rangi nyeusi. Katikati ya uso wake palikuwa na gurudumu kubwa lenye vidirisha vidogo vya namba. Ukilizungusha, namba zilibadilika kutoka 0 mpaka 500, na ili uzimalize ulikuwa huna budi kulizungusha mara kumi. Maana yake ni kwamba mkono wa msikilizaji uliweza kusogea kidogo kidogo sana, akampata amtakaye, na kesho yake akarudi mahali pale pale kwa kuitazama namba aliyoiandika.

Chini ya gurudumu palikuwa na nafasi ya kuchomeka sanduku dogo, mfano wa mtoto wa meza. Ndani yake mlikuwa na misokoto minne ya waya, na kila sanduku lilifaa kwa mawimbi ya urefu fulani. Masanduku manne ya kawaida yalitosha kusikiliza mawimbi yote tangu mita 10 mpaka mita 175 hivi. Aliyetaka kuhama kutoka mawimbi haya kwenda yale alichomoa sanduku moja akachomeka jingine.

Ndani mlikuwa na taa tisa za redio. Hazikuwa za kumulika, bali za kukuza nguvu ya umeme mdogo uliodakwa na waya wa nje. Mtambo wa kuzilisha umeme uliwekwa mbali katika sanduku lake peke yake, ili ngurumo yake isiharibu usikivu.

Na siri ya kazi yake ilikuwa hii. Mwaka 1918, katika vita vya kwanza, Edwin Armstrong, afisa wa jeshi la Marekani aliyekuwa Ufaransa, alivumbua njia ya kuchanganya mawimbi. Kipokezi hufanya wimbi lake chenyewe ndani, kisha hulichanganya na wimbi litokalo nje. Katika kuchanganyika hutokea wimbi la tatu, ambalo daima lina kipimo kimoja tu, hata ukisikiliza kituo gani. Fikirini wakulima wa kahawa wa Umatengo. Kahawa hutoka katika mashamba mengi, ya mlimani na ya bondeni. Lakini kama yote ikiletwa kwenye mashine moja ya kumenyea, fundi aweza kuitengeneza mashine hiyo vizuri kabisa, kwa kuwa kazi yake ni moja. Ndivyo ilivyo katika kipokezi. Kila wimbi huletwa kwenye kipimo kimoja, na hapo taa na misokoto hulikuza na kulichuja kwa ustadi.

Katika kuchuja huko HRO ilikuwa na kipande cha jiwe gumu liitwalo kwazi. Kwazi ina tabia ya kutikisika kwa kipimo chake yenyewe, na kukataa vipimo vingine. Kwa hiyo kituo kimoja kilipita, na jirani zake wakazuiwa mlangoni. Mnong'ono wa upande wa pili wa soko ukasikika.

Wadachi wenyewe waliona ubora wa chombo hiki, wakatengeneza vya kwao kwa kuufuata mfano wake. Mtu akinakiliwa na adui yake, hahitaji sifa nyingine.

6. Watu waliovaa masikio

Lakini chombo hakisikii. Asikiaye ni mtu. Katika Uingereza maelfu ya wanaume na wanawake waliwekwa kusikiliza simu za adui usiku na mchana, na wengi wao walitumia HRO. Kila mmoja alivaa vyombo vya kusikilizia masikioni, akashika penseli, akaandika. Aliyosikia hayakuwa maneno. Yalikuwa nukta na mistari ya Morse, na herufi zilizotokea hazikuwa na maana yoyote, kwa sababu adui aliandika kwa fumbo. Hata hivyo msikilizaji alilazimika kuandika kila herufi kama ilivyo. Hakuruhusiwa kubahatisha. Asiposikia, aliacha nafasi wazi, kwa maana nafasi wazi ni bora kuliko herufi ya uongo. Kisha karatasi zilipelekwa kwa mafundi wa kufumbua mafumbo, na wengi wao walikuwa mahali paitwapo Bletchley Park.

Nanyi mnapoandika imla darasani, mkaona uchovu, wakumbukeni watu hawa. Waliandika imla ya saa nyingi, kwa lugha wasiyoijua, kutoka kwa mwalimu asiyerudia neno, na katikati ya ngurumo za radi.

7. Skuli ya Mombasa

Sasa turudi pwani yetu. Waingereza walikuwa na wasikilizaji wao wa Mashariki katika Colombo, kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Tarehe 5 Aprili 1942 ndege za Wajapani ziliupiga mji huo, na manowari kadhaa za Waingereza zikazamishwa katika bahari ile mwezi huo huo. Ilihofiwa ya kuwa Wajapani watakuja tena. Basi wasikilizaji na mafundi wa mafumbo wakapakiwa melini wakaletwa Mombasa, bandari ya Kilindini. Wakapewa majengo ya skuli ya Allidina Visram, yaliyo mbele ya bahari. Mahali walipokuwa wakisoma watoto, sasa waliketi wanajeshi na vipokezi vyao vya mawimbi mafupi.

Kazi yao ilikuwa ngumu. Japani ni mbali sana na Mombasa, na sauti zilifika dhaifu mno, nyingine zisisikike kabisa. Tena Morse ya Kijapani ina alama nyingi kuliko Morse ya Kizungu, na msikilizaji alipaswa kuzijua zote. Lakini hawakukata tamaa. Mwezi wa Septemba 1942 Wajapani walifanya kosa katika kutuma simu ya meli zao za mizigo. Kosa hilo liliwapa ufunguo mafundi wawili wa Kilindini, John MacInnes na Brian Townend. Kufikia Novemba waliweza kulisoma fumbo lile, si simu mpya tu, bali hata za zamani walizokuwa wameziweka. Hivyo safari za meli nyingi za Wajapani zikajulikana. Angalieni basi: uzembe wa mwandishi mmoja upande huu, na uangalifu wa waandishi upande wa pili, ukafungua mlango uliokuwa umefungwa.

Mwaka 1943, hofu ya Wajapani ilipopungua, kituo kilirudishwa Colombo.

Hata hivyo tusidhani ya kuwa sikio husikia kila kitu. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Ndani yake walikuwamo askari wengi wa Afrika ya Mashariki, watu wa Kikosi cha 301 cha mizinga, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Wajapani iendayo chini ya maji iliipiga. Ilizama katika muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Manowari hiyo ilikuwa imenyamaza ikivizia, na kipokezi hakiwezi kumsikia anyamazaye. Mama wengi wa nchi zetu waliwangoja watoto wao waliokwenda vitani, wala hawakurudi.

Mwaka huo huo askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki walipigana katika misitu ya Burma, katika bonde la Kabaw, wakati wa masika makubwa. Miongoni mwa Waafrika wa jeshi walikuwako waliofundishwa kazi ya simu. Walijua Morse, walijua kutunza beteri zisilowe, walijua kutundika waya juu ya mti na kumtafuta mwenzao kati ya ngurumo. Kwa neno lililofika vizuri, chakula kilidondoshwa na ndege mahali panapotakiwa, na majeruhi wakajulikana walipo.

8. Baada ya vita

Vita vilipokwisha mwaka 1945, majeshi yalikuwa na vipokezi vingi kupita haja yao. Viliuzwa kwa bei nafuu kwa raia. Hivyo HRO ikavua sare, ikarudi kwa wale wapenzi wa simu ya upepo ilikotoka. Kampuni yake iliendelea kutoa vipokezi vyenye jina hilo miaka mingi baadaye, mpaka taa za redio zikaachwa na kufuatwa na vipande vidogo visivyotoa joto. Leo vile vya zamani vyaonekana katika nyumba za makumbusho, na wako watu wanaovitunza hata sasa, navyo bado vyasikia.

Mawimbi mafupi yenyewe hayakufa. Siku hizi mtu wa Mkumbi aweza kusema na ndugu yake wa mbali kwa simu ya mkononi. Lakini simu hiyo yahitaji minara. Mnara ukianguka, au mahali pasipo na mnara, kama vile baharini na jangwani, mawimbi mafupi bado hutumika, kwa kuwa tabaka lile la mbinguni halihitaji kujengwa na mtu.

Sasa fikirini tena habari ya Bwana Berndt pale Liuli, na ya watu wa Kasama waliopigana baada ya amani, na ya wale waliokaa Mombasa wakiandika herufi wasizozielewa. Kipokezi ni chuma, kioo na waya. Kilichokifanya kiwe na thamani ni watu watatu: aliyekibuni kwa akili, aliyekitengeneza kwa uangalifu, na aliyekisikiliza kwa uaminifu. Wawili wa kwanza ni wachache katika dunia. Wa tatu aweza kuwa kila mtu. Mtoto asikilizaye mpaka mwisho, asiyeongeza neno lisilosemwa, anayekubali kusema "hapa sikusikia" kuliko kubuni uongo, huyo amekwisha kuianza kazi ile. Wahenga walisema kweli: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na asikiaye nusu, akapeleka nusu, huwavunja na wengine.

MASWALI

1. Kwa nini Bwana Berndt alikasirika aliposikia mzinga wa Liuli?
2. Eleza tofauti kati ya habari ya L 59 mwaka 1917 na habari ya Kasama mwaka 1918.
3. Mawimbi mafupi yafananaje na jiwe bapa litupwalo juu ya maji?
4. Kazi ya kwazi katika kipokezi ilikuwa nini?
5. Kwa nini msikilizaji aliacha nafasi wazi aliposhindwa kusikia?
6. Waulize wazee wa kijiji chako jinsi habari kubwa zilivyofika kwao zamani. Andika insha fupi ya maneno yao, pasipo kuongeza lako.